Aliyeimba "Saa Sita"

Kwa miaka thelathini na moja Fundi Meno alikuwa amewatengenezea watu meno bila kuwaona nyuso. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma kabisa ya zahanati ya meno, ukipita stoo ya glavu na choo cha wafanyakazi, na dirisha lake moja lilitazama ukuta wa jirani. Mezani palikuwa na taa ya spiriti, visu vya nta vidogo kwa vikubwa, bakuli la mpira la kukorogea plasta, na mashine ya kung'arishia ambayo ikiwashwa hata redio inanyamaza. Wagonjwa walibaki kule mbele kwa daktari. Kilichomfikia yeye ni taya zao za plasta, nyeupe pee, zimeandikwa namba kwa penseli, na kikaratasi cha maelekezo.

Hata hivyo aliwajua. Akigeuza taya mkononi mara mbili tu, alijua huyu hutafuna upande mmoja, huyu husaga meno usingizini, huyu ana tabia ya kung'ata kalamu. Barabarani mtu akimsalimu kwa tabasamu pana, Fundi Meno humtazama mdomo kwanza, uso baadaye. Mkewe, karani wa shule, mama asiyekuwa na haraka na jambo lolote, alishamwonya mara nyingi.

"Baba watoto, wasalimie watu machoni. Watadhani unataka kuwang'oa."

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, mpole, mwenye jozi mbili za miwani: moja ya kazi, na nyingine ya kuitafutia ile ya kazi. Watoto walikuwa wamekua na kuondoka. Nyumba ilikuwa na utulivu, chakula kilikuwa kwa wakati, na mgongo ulimuuma kiasi cha kuvumilika. Ungemuuliza anataka nini zaidi duniani angekuna kichwa na kukosa la kusema. Jambo moja tu lilikuwa likimtoa povu mdomoni, nalo ni swali la nani aliyeimba "Saa Sita".

Wimbo huo ulikuwa wa Watoto wa Mwashi. Hao walikuwa ndugu watatu wa baba mmoja mama mmoja: binti wa kwanza, kaka katikati, binti wa mwisho. Baba yao alikuwa mwashi, akijenga nyumba za watu, na ndiko jina lilikotoka. Wenyewe hawakutaka kuandikwa majina. Kwenye majalada ya santuri zao sita hukuti kitu ila "Watoto wa Mwashi", basi mashabiki wakawaita Kifungua Mimba, Kaka, na Kitinda Mimba. Waliimba ujanani mwao kwa miaka michache, sauti tatu zilizoshikana kama tofali na udongo, kisha wakaacha, kila mmoja akashika njia yake. Kaka alipiga gitaa na kuimba sauti ya chini, na juu yake hapakuwa na ubishi. Lakini ile sauti ya mbele, inayoanza peke yake, "Sisahau saa sita, ulipoinua sanduku", mpaka nywele zinakusimama, ilikuwa ya dada yupi?

Fundi Meno alisema ni Kitinda Mimba. Shemeji yake alisema ni Kifungua Mimba. Walianza kubishana siku ya harusi ya Fundi Meno mwenyewe, bwana harusi akiwa bado na ua kifuani, na tangu hapo hawakuwahi kufunga mjadala.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa fundi makochi, mtu wa mwili na sauti. Karakana yake ndiyo ilikuwa baraza la wapenzi wa Watoto wa Mwashi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Walikuwa wakikaa juu ya makochi yasiyokwisha, mengine yana sponji bila kitambaa, mengine springi tupu, na ukikaa vibaya springi inakukumbusha adabu. Walikuja wengi kwa msimu, ila wa kudumu walikuwa wanne: Shemeji, Fundi Meno, Mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeandika hoja zote kwenye daftari la mistari, na Mama Vitambaa, mwenye duka la jirani, ambaye alihamia upande wowote uliomkaribisha vizuri siku hiyo.

"Sauti ile ina pumzi!" Shemeji alizoea kusema, huku akivuta kitambaa kwa koleo. "Sikilizeni anavyokwenda mpaka 'sanduku' bila kuvuta hewa. Mtoto wa mwisho apate wapi pumzi hiyo? Mtoto wa mwisho kazoea kubebwa mgongoni!"

"Pumzi haina uzazi, Shemeji."

"Ina uzazi! Wewe ni wa ngapi kwenu?"

"Wa tatu."

"Ndiyo maana unahema ukipanda ngazi mbili."

Lakini Fundi Meno alikuwa na silaha moja ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na alikuwa ameitumia miaka minane mfululizo. Ukisikiliza kwa makini ile sauti ya mbele, kila ilipogusa herufi s ilitoa mluzi mdogo, mwembamba, kama upepo unaopenya tundu la ufunguo. Wengine walidhani ni kasoro ya santuri. Yeye, kwa kazi yake, alijua. Ule ulikuwa mluzi wa mwanya. Mtu mwenye mwanya kati ya meno mawili ya mbele hupitisha hewa pale, na ukimsikia huwezi kumsahau. Sasa tazama jalada la santuri ya tatu: Kaka yupo na gitaa, nyuma yake amesimama binti mrefu aliyefumba midomo, na mbele kwenye kiti amekaa binti mdogo anacheka, mwanya wazi.

"Anayekalishwa mbele pichani ni mdogo," Fundi Meno alizoea kumalizia, akivua miwani kama hakimu. "Mdogo ana mwanya. Mwenye mwanya ana mluzi. Mluzi uko kwenye sauti ya mbele. Mwalimu, andika."

Mwalimu huandika. Shemeji hutema misumari miwili aliyokuwa ameibana midomoni na kusema mluzi wa mwanya ni habari za wang'oa meno, muziki haupimwi kwa bisibisi. Hapo ndipo mkewe Fundi Meno, kama yupo, hukunja mshono wake na kusema twende nyumbani.

Siku moja, mwanzo wa wiki, taya mpya ikaletwa mezani kwa Fundi Meno. Ilikuwa taya ya juu isiyo na jino hata moja, fizi zimesawazika vizuri, ya mtu mzima wa umri mkubwa. Kwenye kikaratasi, chini ya maelekezo ya kawaida, daktari alikuwa ameandika: Mgonjwa anataka mwanya katikati, mbele.

Fundi Meno alicheka peke yake. Miaka yote hiyo watu walimwomba azibe mianya, awanyooshee, awapangie meno kama ya picha za dawa ya meno. Akadhani daktari kachanganya vikaratasi, jambo ambalo lilishawahi kutokea. Akapanga meno ya majaribio kwenye nta, yameshikamana sawasawa, mazuri kabisa, akayapeleka mbele.

Baada ya nusu saa daktari akaja mwenyewe mlangoni. Alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yake, na alimheshimu.

"Mzee, yule mama kayakataa. Anasema hayo si meno yake."

"Si meno yake kivipi? Ni kipimo chake."

"Anasema mdomo unamwona mgeni. Njoo uzungumze naye, mimi nimeshindwa. Kaleta na picha."

Ilikuwa mara chache sana Fundi Meno kuitwa mbele. Akanawa plasta mikononi, akabadili koti, akaenda. Kwenye kiti cha mgonjwa alikaa mama wa miaka sabini na kitu, mfupi, mkakamavu, ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili kama mtu asiyekusudia kuondoka mikono mitupu.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza. Bila meno ya juu maneno yake yalikuwa laini, lakini amri ilikuwemo. "Umenipa meno mazuri. Ila si yangu. Nimeyavaa nikasema 'samahani', ulimi ukagonga ukuta. Mjukuu wangu akinisikia atasema bibi kawa mtangazaji wa habari."

"Mama, watu wengi huwa hawataki mwanya."

"Hao watu wengi wamelala nyumbani, mimi ndiye nimekuja." Akafungua mkoba. "Nilikuwa hivi. Nataka hivi."

Akampa kipande cha jalada la santuri kilichokatwa kwa mkasi. Fundi Meno hakuhitaji miwani yoyote. Kaka na gitaa lake. Binti mrefu nyuma. Binti aliyekaa mbele, anacheka.

Akatazama picha, akamtazama mama, akatazama tena picha. Mdomo ulikuwa uleule. Huo hata angeamshwa usingizini angeutambua.

"Huyu... ni wewe?"

"Ni mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili."

"Kumbe wewe ndiye Kitinda Mimba!" Lilimtoka kabla hajalizuia. Daktari alimtazama kwa mshangao, kwani hakuwahi kumsikia akipaza sauti.

Mama naye akacheka, akifunika mdomo kwa kiganja. "Kitinda Mimba? Nani? Mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu ni huyo mrefu nyuma. Alirefuka kama mlingoti akatupita wote. Mimi nilikaa kwa sababu viatu vilinibana, nilikuwa nimeazima."

Fundi Meno akasema, "Basi, mama. Nitakuachia mwanya." Akarudi chumbani kwake, akakaa mbele ya taa ya spiriti bila kuiwasha.

Hesabu ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyomuumiza. Mwenye mwanya ndiye mwenye mluzi. Mwenye mluzi ndiye aliyeimba. Na mwenye mwanya alikuwa Kifungua Mimba. Hoja aliyoijenga miaka minane, jiwe juu ya jiwe, ilikuwa imempa ushindi Shemeji.

Jioni ile alisikiliza "Saa Sita" mara nne sebuleni. Mluzi ulikuwepo, safi, kila s. Mkewe alikuwa akipanga kadi za wanafunzi kwenye meza ya chakula.

"Leo umeusikiliza kama mtu anayesomewa hukumu," akasema.

"Nimechoka tu, mama watoto."

Hakuweza kumwambia. Aliyemfundisha kazi, mzee mkali aliyestaafu zamani, alimwekea sharti tangu wiki ya kwanza: kilichoonekana kwenye kinywa cha mgonjwa kinabaki ndani ya zahanati, hata mgonjwa awe jirani, hata awe mkwe. Fundi Meno hakuwahi kuvunja hilo na hakuwa na nia ya kuanza uzeeni. Lakini pia hakuweza kwenda karakana Jumamosi na kuendelea kuupiga mluzi ule kifua mbele, akijua anachojua. Huko kungekuwa kudanganya watu wanaomwamini.

Jumamosi ilipofika akakaa kwenye kochi la springi, akasubiri Shemeji aanze. Shemeji alianza, kama kawaida, kwa habari ya pumzi. Fundi Meno akakohoa.

"Shemeji, nimefikiri. Nani alituambia aliyekaa mbele ni mdogo? Mkubwa naye hukaa. Huenda wewe ndiye uliyesema kweli. Huenda ni Kifungua Mimba."

Nyundo ya Shemeji ikabaki hewani. Mwalimu akasimamisha kalamu. Mama Vitambaa, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani kabisa ili asikose.

"Unasema?" Shemeji akauliza.

"Nasema umeshinda."

Fundi Meno alikuwa amejiandaa kwa vifijo. Alitarajia Shemeji acheze, amzungushe Mama Vitambaa, aite majirani. Badala yake Shemeji aliweka nyundo chini taratibu, akaja, akamwekea kiganja kipana kwenye paji la uso.

"Huna homa. Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Daktari kakwambia kitu? Sema tu, sisi ni ndugu."

"Shemeji, nimekwambia umeshinda!"

"Sasa nimeshinda nini, wakati hujanipinga?"

Mwalimu alifungua daftari, akapekua kurasa, akasema katika miaka yote hapajaandikwa kitu cha namna hii na hajui akiandike safu gani. Santuri ikapigwa. Wakaisikiliza wote mpaka mwisho, ikaisha. Shemeji akachukua mkasi, akauweka, akachukua koleo, akaliweka. Saa kumi haijafika kila mtu alikuwa amekumbuka shughuli yake. Siku ya pili yake Shemeji akampigia simu dada yake mara mbili kuuliza kama nyumbani kuna amani.

"Kakangu anataka kujua kama nimekuudhi," mkewe alimwambia Fundi Meno, akiwa ameshika simu kifuani. "Anasema hujawahi kumkubalia kitu tangu umuoe dada yake, na sasa hajui ajifanyie nini Jumamosi."

Fundi Meno akacheka, lakini kwa ndani akamhurumia. Alikuwa amemnyang'anya shemeji yake kitu alichokipenda, kwa kumpa.

Wiki hiyo aliyashughulikia meno ya yule mama kama hajawahi kushughulikia meno mengine. Kuziba mwanya ni kazi ndogo, kuuacha ndiyo kazi. Ukiwa mpana kidogo tu, hewa inamwagika na mtu anaongea kama anapuliza moto. Ukiwa mwembamba, hausikiki. Aliweka kipande cha picha chini ya kioo cha kukuzia, akapima, akapasha kisu, akasogeza jino la kushoto unywele mmoja, akalirudisha nusu ya unywele. Akasikiliza hewa inavyopita kwenye meno yake mwenyewe kwa kusema "sabasaba" mbele ya ukuta, mpaka mhudumu wa stoo akachungulia kuuliza kama kuna mgeni. Meno yalipotoka kwenye plasta, yameiva kwa kuchemshwa, akayasugua, akayang'arisha, akayaweka kwenye maji. Daktari alipomwita hakuhitaji kuitwa mara ya pili.

Mama aliyavaa mwenyewe, kwa kidole gumba, kama mtu anayefunga kifungo. Akafumba mdomo, akameza, akatazama dari.

"Hesabu, mama," Fundi Meno akamwambia. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kazi. "Anzia sitini na sita."

"Sitini na sita. Sitini na saba." Mluzi ukapita, mwembamba, mahali pake. Mama akasema tena, polepole, "Sitini na saba," na macho yakamlainika. "Huyu sasa ni mimi. Fundi, umenirudisha nyumbani."

Kisha, bila kuombwa na mtu, akaimba. Hakuimba kwa nguvu, ilikuwa sauti ya mtu anayepepeta mchele jikoni. "Sisahau saa sita, ulipoinua sanduku." Sauti ilikuwa imezeeka na kupata vumbi, lakini njia yake ilikuwa ileile. Daktari akaacha alichokuwa akiandika.

"Mama," Fundi Meno akasema, "naomba uniwie radhi. Si swali la kazi. Kwenye santuri, hiyo sauti ya mbele ni yako, sivyo?"

"'Saa Sita'? Hata kidogo! Ni mdogo wangu."

"Lakini mluzi! Mluzi ni wako."

"Ah, mluzi." Akatikisa mkono. "Yule mtoto alijifunza kuimba kwa kunifuata mimi nyuma. Nikikohoa, anakohoa. Mimi nina mwanya, yeye hana, akalia wiki nzima anataka mwanya. Baba akamwambia mwanya haujengwi. Basi akajifunza kuupiga mluzi kwa ulimi, kila s, hadi mama yetu akiwa nje ya mlango hajui ni nani anaimba ndani. Na siku ya 'Saa Sita' mimi nilikuwa na mafua. Ni yeye."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Ngoja, umsikie mwenyewe." Alikuwa ameshatoa simu mkobani, akaiweka sauti kubwa, akaishika mbali na uso. Iliita mara tatu.

"Dada! Vipi, meno yamekaa?" ikasema sauti ya upande wa pili.

"Yamekaa, sikiliza: saa sita, saa saba. Umesikia?"

"Nimesikia! Hayo ndiyo yenyewe. Mpe fundi pole na hongera."

"Yuko hapa, ana swali. Mwambie nani aliongoza 'Saa Sita'."

"Si wewe?"

"Mimi? Wewe mtoto, acha. Mimi nilikuwa na mafua."

"Mafua yalikuwa ya santuri nyingine, dada. Ile ya 'Saa Sita' mimi niliingia kwenye kiitikio tu. Hiyo pumzi ya mpaka 'sanduku' mimi nimeitoa wapi? Ni wewe."

"Nakwambia ni wewe! Kaka alikugusa bega wewe kwanza."

"Alinigusa bega nisogee, nilikuwa nimemkanyaga!"

Wakaendelea hivyo, huyu akimpa yule na yule akimrudishia, kama watu wawili mlangoni kila mmoja akitaka mwenzake atangulie. Daktari alikuwa amejifunika uso kwa faili, mabega yakimtikisika. Fundi Meno alisimama kati ya kiti na dirisha akiwa na kitambaa cha kufutia mkononi, na ilimjia kwamba hajawahi kufurahi hivi ndani ya zahanati hii.

Mama alipokata simu alikuwa anahema kidogo. "Unaona? Miaka arobaini na tano anakataa. Tukikutana, huwa tunaisikiliza pamoja, na mara nyingine hata mimi nashindwa kujua. Aliyekuwa akijua ni kaka yetu, ndiye aliyekuwa akitupanga, naye ametangulia miaka sita sasa. Tulimuuliza mara moja, akajibu, 'Kwani kuna aliyedai kuwa ni yeye?'" Akatabasamu, mwanya wazi. "Kwa nini umeuliza?"

Fundi Meno akamweleza, kwa aibu, habari za karakana, daftari la Mwalimu, Shemeji, hata ua la harusi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mkoba.

"Na bado wanabishana?"

"Wiki iliyopita niliwakatisha. Nilipokuona nilidhani nimepata jibu. Sikusema nimeona nini, mama, sikusema kitu. Nilikubali tu kwamba nimeshindwa."

"Basi nenda ukakatae," mama akasema, akishuka kitini. "Ila mimi usinitaje. Nikitajwa watakuja kuniuliza, na mimi jioni nina kipindi changu cha televisheni."

Jumamosi hiyo Fundi Meno alikwenda karakana kabla chakula hakijashuka. Shemeji alikuwa peke yake, anashindilia sponji kwenye mkono wa kochi la watu watatu, na redio ilikuwa imezimwa. Mwalimu alifika na daftari lakini hakulifungua. Mama Vitambaa alichungulia, akaona hali, akataka kurudi.

"Kaa, mama," Fundi Meno akasema. "Nimekuja kuyafuta ya wiki iliyopita. Ni Kitinda Mimba."

Shemeji akageuka. Uso ulikuwa umeanza kung'aa lakini aliuzuia. "Wiki iliyopita ulisema aliyekaa mbele huenda ni mkubwa."

"Nasema bado. Huenda ni mkubwa."

"Basi mwenye mwanya ni mkubwa!"

"Sawa."

"Na mwenye mwanya ndiye mwenye mluzi! Ulisema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, miaka minane. Mwalimu, soma!"

Mwalimu alikuwa ameshafika ukurasa wenyewe.

"Mluzi hauthibitishi kitu," Fundi Meno akasema, akikaa. "Mtu aliyekulia nyuma ya dada yake anaweza kumwiga kila kitu, hata mluzi. Ulimi ukifundishwa unafanya."

"Ehee!" Shemeji alipiga kiganja kwenye mbao mpaka misumari ikaruka. "Miaka minane unanipigia mluzi huo kichwani, leo nimeuchukua mimi unasema hauthibitishi! Hutoki hapa. Mluzi ni ushahidi wa kitaalamu! Nani kati yetu ni fundi wa meno?"

"Ni mimi."

"Basi usibishane na taaluma yako!"

Mama Vitambaa akavuta kiti. Mwalimu akachora mstari katikati ya ukurasa mpya, akauliza taratibu nani sasa anamiliki hoja ya mwanya, ili aihamishe safu. Wakamjibu wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Santuri ikawekwa. Mkewe Fundi Meno, aliyekuja kumwamkia kakaye, alisimama mlangoni akimtazama mumewe anavyorusha mikono. Baadaye njiani alimwambia, "Kuna kitu unakijua wewe." Akamjibu kwamba anaijua kazi yake, na mkewe akamshika mkono na kuliacha jambo hapo, maana naye miaka ya ukarani ilimfundisha mafaili gani hayafunguliwi.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Mchana ule, kitambaa cha kochi lile la watu watatu kilikuwa kirefu na Shemeji alihitaji mtu wa kushika upande wa pili, hivyo Fundi Meno alikishika, akavuta, huku wakibishana juu yake kutoka ncha hadi ncha. Kufikia saa kumi na moja kochi lilikuwa limekwisha, limekaza vizuri, hata mkunjo mmoja hakuna. Mwenyewe akaja kulichukua, bwana mgeni mtaa ule, akakaa katikati kulijaribu, akaridhika, kisha akauliza kelele zile alizozisikia tangu kona ya barabara zilikuwa za nini. Shemeji akaketi kulia kwake, Fundi Meno kushoto, na wakaanza kumweleza.